Mara ya Kumi na Moja

Juzi usiku, baada ya chakula, binti yangu wa mwisho alinifuata barazani akiwa na simu mkononi. Alikuwa ametoka kumtazama mchekeshaji mmoja mweusi wa Marekani aliyelirudia lile neno la N, tusi ambalo Wazungu wa huko waliwaitia babu zake tangu enzi za utumwa, mpaka mtoto akachoka kuhesabu, na ukumbi mzima ulikuwa ukicheka. "Baba," akaniuliza, "huyu akilisema anapigiwa makofi, Mzungu akilisema anafukuzwa kazi. Kwani si neno lile lile?"

Nilimjibu kwa yale niliyowahi kuyasoma. Nilimweleza habari za Richard Pryor, mchekeshaji mweusi wa Marekani aliyejijengea jina katika miaka ya 1970 huku neno lile likiwa haliishi kinywani mwake, mpaka mwaka 1979 aliposafiri kwenda Kenya, akakaa kwenye sebule ya hoteli, akawatazama watu weusi wa kila kazi na kila cheo wakipita mbele yake, na akajiuliza kama yumo hata mmoja anayestahili kuitwa hivyo. Hakumwona, na aliporudi kwao aliwaambia watazamaji wake kwamba hatalitumia tena. Nilimweleza pia yaliyotokea Los Angeles mwaka 2006, ambako mwigizaji Mzungu, Michael Richards, aliwatukana watazamaji weusi kwa neno hilo akiwa jukwaani kwenye klabu ya vichekesho. Klabu ile ikalipiga marufuku kwa kila mtu, awe mweupe au mweusi, na mwezi uliofuata mchekeshaji Damon Wayans, ambaye ni mweusi, akalitamka mara 16 na kutozwa faini ya dola 320, yaani dola 20 kwa kila mara.

Hapo kwenye hesabu nilinyamaza. Binti yangu alidhani natafuta namna ya kuendelea, kumbe nilikuwa nimerudi Lindi, kwenye bwalo la shule, usiku wa mahafali ya mwaka 1994. Na mimi niliwahi kuandika idadi ya namna hiyo kwenye daftari. Yangu ilikuwa kumi na moja.

Nilisoma na kijana wa Kihindi ambaye baba yake alikuwa na duka la vitambaa mjini, chini ya ghorofa iliyojengwa na babu yao na kutaifishwa mwaka 1971 pamoja na majumba mengine mengi ya kupangisha nchini, hata wakabaki wapangaji katika nyumba ya jasho lao. Alizaliwa Lindi kama mimi, akajifunza kuogelea pale pale tulipojifunza sisi, kwenye maji yanayotazamana na Kitunda, na Kimwera alikifahamu kiasi cha kumchekesha bibi yangu kila alipokuja nyumbani. Lakini miaka ile ya mwanzo wa vyama vingi maneno juu ya Wahindi yalikuwa yamechachamaa majukwaani, magabacholi, wanyonyaji, na shuleni nasi tulikuwa na la kwetu. Tulimwita ponjoro asubuhi kwenye foleni ya uji, tukamwita ponjoro uwanjani, na kila aliponuna tuliambiana kwamba ni utani tu, mbona yeye ni mwenzetu.

Kichekesho cha mahafali nilikitunga mimi. Mwenye duka anapima kitambaa kwa yadi ya mbao, na kila anapopima anakunja kidole ili amwibie mteja inchi moja. Mteja anamgundua na kumpigia kelele. Mteja nilikuwa mimi, na kila kelele ilianza kwa maneno "We ponjoro!" Niliyapigia mstari kwa wino mwekundu ili nisiyasahau, na ndiyo maana idadi yake naijua hadi leo. Nafasi ya mwenye duka alipewa yeye bila mjadala, na vifaa alivileta mwenyewe: jora la marikani lililobaki kidogo, na yadi ya baba yake, ambayo ilikuwa imelainika katikati na kung'aa kwa kushikwa miaka mingi. Sisi tukamfundisha kusema "veve" na "bana", lafudhi ambayo hakuwa nayo, naye akajifunza.

Siku ya tatu ya mazoezi aliniuliza, "Mimi hapa najibu nini?"

"Hapo hujibu. Unapima."

"Mara zote kumi na moja napima tu?"

"Watu watacheka zaidi ukikaa kimya."

Aliitazama yadi, akasema haya.

Usiku wenyewe bwalo lilijaa mpaka madirishani. Wazazi walikaa kwenye mabenchi ya mbele nyuma ya mgeni rasmi, baba yangu upande wa kulia, na baba yake upande wa kushoto, amevaa kofia na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo inasimama. Jenereta lilikuwa linanguruma nje. Niliposema "We ponjoro" mara ya kwanza, kicheko kilitoka nyuma, kwa wanafunzi. Mara ya nne kilikuwa kimefika katikati. Mara ya nane nilimwona mgeni rasmi akifuta machozi kwa leso. Mara ya tisa na ya kumi sikuwa na haja ya kumaliza, kwa sababu ukumbi ulikuwa umeshaushika wimbo: nikisema "We", wao wanamalizia, wakubwa kwa watoto, kwa sauti moja, na yeye anapima.

Mara ya kumi na moja aliacha kupima. Aliilaza yadi juu ya marikani, akainyoosha kwa ncha za vidole mpaka ikalingana na ukingo wa kitambaa, kama nilivyomwona baba yake akifanya dukani kila alipomaliza kumhudumia mteja. Akaniangalia. Alikuwa anatabasamu, tabasamu lile lile la kichekesho, na mimi nilidhani amesahau zamu yake. Kisha akanijibu. Hakusema "veve", alisema kwa Kiswahili chake cha Lindi, taratibu, bila kupaza sauti: "Haya, nguo yako imetosha, ichukue uende." Na mwisho wa sentensi akaniita kwa neno ambalo baadhi ya wazee wa kwao, wakiwa peke yao, huwaitia Waafrika, neno ambalo maana yake ni mtumwa, na ambalo hakuna mtoto wa Lindi aliyekua karibu na maduka asiyelijua.

Nimejaribu mara nyingi kuukumbuka ukimya ule ulichukua muda gani. Jenereta lilisikika peke yake. Mtoto mdogo mmoja huko nyuma alicheka, kwa sababu hakuelewa, na kicheko chake kikakatika ghafla, nadhani alizibwa mdomo na mama yake. Baba yangu aliinamisha kichwa akawa anatazama viatu vyake. Halafu ukumbi ukalipuka. Chupa ya soda ilitupwa ikapita karibu na mguu wangu, watu wakasimama juu ya mabenchi, na mwalimu mmoja akapanda jukwaani kwa hatua mbili, akamkamata rafiki yangu kwa kola na kumvuta kwa nguvu hadi kifungo cha shati kikakatika na kudondokea juu ya marikani. Alichapwa viboko sita pale pale mbele ya wageni. Kabla ya cha mwisho baba yake alikuwa amekwishasimama, ameunganisha viganja kifuani, anawageukia watu wa kila upande akisema, "Samahanini, wazazi wenzangu, samahanini sana." Mimi nilibaki nimeshika ncha ya kitambaa. Nilikuwa mtunzi wa kichekesho, nilijua kwamba ameniomba jibu nikamnyima, na sikufungua mdomo.

Yaliyofuata ni machache. Nilipewa zawadi ya utunzi, daftari kubwa na kalamu mbili. Tulifanya mtihani wa mwisho tukiwa tumepishana madawati matatu, hatukusemezana, na kabla ya mwaka mpya familia yake ilihamia Dar es Salaam. Hakuja kuniaga, na mimi sikwenda.

Kwa miaka mingi nilijitetea kwa neno utani, kwa kuwa sisi watu wa kusini utani tunaujua na hatuhitaji kufundishwa. Nilimwona mtani wa Kingoni siku tulipomzika babu. Wazee walituambia kwamba utani wetu na Wangoni ulitokana na vita vya karne ya 19, waliposhambulia nchi zetu na mwaka 1882 wakafika hadi misheni ya Masasi, na kwa hiyo mzee yule hakuonea haya kitu: aliruka ndani ya kaburi, akalala chali, akasema marehemu alikuwa mwoga kama ukoo wake wote na kwamba hatoki mpaka alipwe. Watu walicheka huku machozi yakiwatoka. Lakini ni mzee huyo huyo aliyekuwa amelichimba kaburi tangu alfajiri, na bibi yangu, akiwa katika eda yake, alipomsikia akipita uani alimrudishia matusi makali kuliko yake, na yeye akayapokea kichwa chini kama mtu anayepokea haki ya mwenzake. Rafiki yangu tulimpa matusi, zamu ya kujibu hatukumpa. Na kama ni kuzikana, siku hiyo hiyo ya babu ni baba yake aliyeleta bafta ya sanda, akavua viatu mlangoni, akaketi mkekani na wazee, na alipoulizwa bei alitikisa kichwa. Hakuna aliyemhesabu kuwa mtani. Walimwita Mhindi mwema.

Ningependa kuishia hapo, maana hapo hesabu inakaa sawa: tulimkosea, akajibu, akaadhibiwa peke yake. Ila namkumbuka baba yangu alivyoinamisha kichwa. Bibi mzaa babu aliletwa pwani akiwa mtoto mdogo, kwa miguu, kutoka upande wa Ziwa Nyasa, na akafia Kilwa Kivinje bila kuujua ukoo wake. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini misafara ya bara haikukoma siku hiyo, na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Tanganyika mpaka mwaka 1922. Baba alikuwa mtu ambaye akisikia neno mtumwa redioni, hata katika wimbo wa mapenzi, huinuka na kuizima. Neno alilotamka rafiki yangu lilipita kwangu, mchokozi, likaenda kumpiga mtu aliyekaa benchi la mbele ambaye hakuwa amemtendea lolote. Je, ponjoro lina uzito huo? Nimejiuliza sana. Halijafunga mtu mnyororo. Lakini usiku ule sisi tulikuwa mamia na wao walikuwa wawili, na mwenye kiboko alikuwa wa kwetu, na sijui kama uzito wa neno hupimwa kwa historia yake peke yake au pia kwa idadi ya watu wanaolitamka kwa pamoja huku wewe umesimama peke yako na yadi mkononi. Wale wa klabu ya Los Angeles waliona heri kuweka bei moja kwa kila mtu. Ningetaka kukubaliana nao, kisha namwona Pryor, ambaye hakuna aliyemtoza kitu, akilitua mwenyewe neno lake, na naona ni mambo mawili tofauti kabisa.

Haya yote nilimsimulia binti yangu pale barazani, kwa kirefu kuliko nilivyokusudia. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuigusa simu. Kisha akauliza neno alilosema yule rafiki yangu lilikuwa lipi hasa. Nikamwambia ni neno baya, baba hawezi kulitamka mbele ya mtoto wake.

Akafikiri kidogo. "Lakini ponjoro umelitamka, Baba. Umelitamka mara nyingi."

Sikuwa na jibu, nikamwambia usiku umeenda, akalale. Leo alfajiri nimerudi kuyasoma haya niliyoyaandika, na nimekuta nimefanya vilevile: neno nililomwita mwenzangu lipo kila mahali, na lile aliloniita mimi halipo.