Namna nilivyowatafuta wagonjwa wangu wa vali waliopotea

Swali lililobadilisha kazi yangu ya utafiti lilikuwa la maneno manne tu, na aliyeliandika ni mhakiki ambaye mpaka leo simjui: "Hawa wengine wako wapi?" Nilikuwa nimepeleka kwenye jarida la kitabibu makala kuhusu wagonjwa waliowekewa vali za chuma, yaani milango bandia ya moyo, katika hospitali niliyokuwa nikifanyia kazi, nikionyesha kwamba wengi wao walikuwa wakiendelea vizuri miaka miwili baada ya upasuaji. Karibu theluthi ya wagonjwa hawakuwa na taarifa yoyote baada ya mwaka wa kwanza, nami nilikuwa nimewaondoa katika hesabu kwa sentensi moja iliyojificha katika maelezo ya mbinu za utafiti. Nilisoma swali lile nikiwa nimekaa kwenye gari, kwenye foleni, na nakumbuka kwamba nilikasirika kwanza, kisha nikaona aibu.

Aibu yangu ilikuwa na sababu, kwa kuwa hilo lilikuwa jambo nililokwisha kufundishwa. Sikuingia katika ubingwa wa moyo kwa ajili ya vali. Kilichonivuta ni mishipa inayoulisha moyo wenyewe, yaani ateri za koronari, na hasa kisa cha Andreas Grüntzig, ambaye tarehe 16 Septemba 1977, mjini Zürich, alipitisha puto dogo ndani ya mshipa uliobanwa wa mgonjwa aliyekuwa macho, akaupanua bila kumfungua kifua. Katika miaka yangu ya mafunzo nje ya nchi nilisimama saa nyingi kwenye kathlabu, chumba cha kupitishia mirija hadi kwenye moyo, nimevaa aproni ya risasi inayochosha mabega, nikitazama kwenye skrini jinsi dawa ya rangi inavyopita kwa shida mahali palipobanwa, na jinsi inavyoteremka kwa kasi mara stenti, kijibomba cha waya kinachoshikilia mshipa uwe wazi, inapotanuka. Jambo hilo hulevya. Daktari anayeamini kwamba ameona msaada wake kwa macho yake mwenyewe ni mtu mgumu sana kushawishika kwamba apime tena.

Ndiyo maana utafiti wa ORBITA, uliochapishwa Uingereza mwaka 2017, ulinitikisa. Watafiti waliwachukua wagonjwa 200 waliokuwa wakiumwa kifua wanapojichosha, wenye mshipa mmoja uliobanwa sana, wakahakikisha kwanza kwamba wanatumia dawa ipasavyo, kisha wakawaingiza wote kathlabu, wakiwa wamepewa dawa ya usingizi na kuzibwa masikio ili wasisikie mazungumzo. Nusu waliwekewa stenti. Nusu walitolewa bila kuwekewa chochote, na wala wao wala waliowapima baada ya wiki 6 hawakujua nani alipata nini. Walipopimwa kwenye mashine ya kukimbilia, tofauti kati ya makundi mawili ilikuwa sekunde 16.6, kiasi ambacho kitakwimu hakiwezi kutenganishwa na bahati. Sisemi kwamba stenti haina kazi: kwa mtu mwenye shambulio la moyo huokoa maisha, na ORBITA ya pili, ya mwaka 2023, ilionyesha kwamba kwa wagonjwa walioachishwa dawa za maumivu ya kifua, stenti hupunguza maumivu kweli. Nilichokipata mimi ni tabia ya kuitilia shaka picha nzuri. Tabia hiyo niliitumia kwenye mishipa, nikaisahau nilipofika kwenye vali.

Niliporudi nyumbani, wagonjwa waliojaa kliniki yangu hawakuwa wale niliowazoea. Katika jaribio la PARTNER la mwaka 2010, lililothibitisha kwamba vali ya aota, mlango wa damu inayotoka moyoni kwenda mwilini, inaweza kupandikizwa kupitia mshipa wa damu kwa watu wasioweza kupasuliwa, wastani wa umri ulikuwa miaka 83. Waliokaa kwenye mabenchi yangu walikuwa wasichana na kina mama vijana ambao utotoni waliugua mafindofindo ya bakteria ambayo pengine hakuna aliyeyajali, kinga ya mwili ikageuka kuishambulia vali ya mitrali, mlango wa ndani wa upande wa kushoto wa moyo, na sasa walikuwa hawawezi kupanda ngazi. Rejista ya REMEDY, iliyokusanya wagonjwa 3,343 wa aina hii kutoka nchi 14, nyingi zikiwa za Afrika, ilikuta kwamba nusu yao walikuwa na umri usiozidi miaka 28, na kwamba wanawake ni karibu theluthi mbili. Baadhi yao tunaweza kuwapanua vali kwa puto alilobuni Kanji Inoue wa Japani, tukipitia mshipa wa paja. Ambao vali zao zimeharibika mno huwekewa mpya, na hapo ndipo maisha yao yanapofungwa kwenye wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda.

Vali inayotokana na mnyama huchakaa haraka kwa kijana. Vali ya chuma hudumu, lakini damu hupenda kuganda juu yake, kwa hiyo mwenye nayo hunywa dawa hiyo maisha yake yote na kupimwa INR, kipimo cha muda ambao damu huchukua kuganda, kila baada ya wiki chache, ili kipimo kikae kati ya 2.5 na 3.5 kwa vali ya mitrali. Kikishuka, vali huziba au donge la damu hupanda kwenye ubongo. Kikipanda sana, mtu huvuja damu. Mchicha, kisamvu na matembele yakiliwa wiki hii kwa wingi na wiki ijayo yasiliwe kabisa, kipimo huyumba. Mwanamke akishika mimba, wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na akiiacha bila mbadala, anajihatarisha yeye. Tulitumaini dawa mpya zisizohitaji vipimo zingetuokoa, lakini jaribio la RE-ALIGN kwa wenye vali za chuma lilisimamishwa kabla ya wakati, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2013, kwa sababu waliopewa dawa mpya walipata madonge ya damu na kuvuja damu zaidi. Jaribio la INVICTUS la mwaka 2022 liliwahusu watu zaidi ya 4,500 wenye ugonjwa huu wa vali na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, wasio na vali za chuma, nao vilevile walinusurika zaidi kwa dawa za kundi la wafarini.

Mgonjwa wa namna hii akitoweka kliniki, basi, ametoweka pia kwenye kipimo kinachomweka hai. Hilo nilipaswa kuliona bila kuulizwa. Nilipiga hesabu upya mara mbili, mara ya kwanza nikidhani wote waliopotea wako hai, mara ya pili nikidhani wote wamekufa, na nafasi iliyobaki katikati ilikuwa pana kiasi kwamba makala yangu haikuwa inasema lolote. Niliiondoa jaridani. Mkuu wangu wa wakati huo hakufurahi, na alinikumbusha kwamba matokeo mazuri husaidia kupata fedha.

Kuwatafuta kulichukua zaidi ya mwaka mmoja. Ilinibidi kwanza nirudi kwenye kamati ya maadili ya utafiti, kwa kuwa fomu ya ridhaa waliyosaini haikuturuhusu kuwafuata majumbani. Simu zilitusaidia kidogo. Namba nyingi zilikuwa zimefungwa au zilishachukuliwa na watu wengine. Muuguzi niliyeshirikiana naye, ambaye sote tulimwita Sista, ndiye aliyegundua kwamba baadhi walikuwa wakikata simu mara tu wanaposikia neno hospitali, kwa sababu walidhani wanadaiwa. Kuanzia siku hiyo sentensi yetu ya kwanza baada ya salamu ikawa "Hatudai chochote", na idadi ya waliozungumza nasi ikaongezeka. Waliobaki tuliwafuata kwa basi, kisha kwa bodaboda, tukiuliza kwa wajumbe wa nyumba kumi bila kutaja ugonjwa, kwa maana mtu ana haki ya kuficha hata kovu lake.

Katika kijiji kimoja mkoani Morogoro tulipokelewa na mama wa makamo aliyetuwekea mkeka chini ya mwarobaini. Nilimwamkia, tukaulizana hali, nikamtaja binti yake. Alinyamaza, akaingia ndani, akarudi na kadi ya kliniki iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na vidonge vilivyobaki. "Alisema mkija tuwape," aliniambia. "Ila hamkuja." Kadi ilionyesha kipimo cha mwisho miezi minne kabla ya kifo chake, na pembeni, kwa kalamu ya risasi, alikuwa ameandika hesabu ya nauli ya kwenda na kurudi Dar es Salaam. Nilimpa pole, na sikuweza kumjibu.

Nyumba nyingine, mbali na hapo, ilikuwa na mwanamke aliyenifungulia mlango mwenyewe. Chumba kilikuwa kimya, nami nikaisikia vali yake kabla hajaketi, ule mlio mkavu kama wa saa ya mkononi iliyowekwa juu ya meza. Alikuwa akimeza kiwango kilekile cha wafarini kwa zaidi ya mwaka bila kupimwa. Tulimtoboa kidole, mashine ndogo ikasoma 1.3. Sista alipiga simu palepale, tukapata hospitali ya wilaya iliyokubali kumpima ikiwa tungewaachia ile mashine na vijiti vyake. Tuliwaachia.

Makala ilitoka miaka miwili baada ya ile ya kwanza, ikiwa na matokeo mabaya zaidi. Vifo vilikuwa vingi miongoni mwa wale niliokuwa nimewafuta kuliko miongoni mwa waliokuwa wakihudhuria, na waliokaa mbali na mahali pa kupima INR ndio walioumia zaidi. Fedha zilipatikana hata hivyo, si nyingi, zikanunua mashine nyingine za kupimia kwa tone la damu.

Siku hizi nafanya tena utafiti wa stenti kwa watu wa umri mkubwa, pamoja na ule wa vali, na katika tafiti zote mbili fomu ya kujiunga ina nafasi ya namba tatu za simu, mojawapo ikiwa ya mtu asiyeishi na mgonjwa. Ukurasa wa mwisho hauna maandishi. Tunamwomba kila anayejiunga achore njia kutoka stendi ya basi hadi mlangoni kwake. Juzi mzee mmoja, fundi cherehani, alichora mashine ya kusaga, mwembe na nyumba tatu, akatia alama ya mkasi juu ya nyumba ya kati, kisha akaniomba karatasi nyingine kwa sababu, alisema, wakati wa masika njia hiyo haipitiki.