Jinsi nilivyompatia Upepo makao baada ya kurudishwa mara mbili

Karibu kila mtu niliyemweleza kwamba ninamtafutia Upepo makao alinipa ushauri uleule: mtafutie nyumba yenye uwanja mkubwa. Niliambiwa hivyo na wenzangu tunaojitolea katika kituo cha kuhifadhi mbwa waliotelekezwa, nikaambiwa na jamaa zangu, na hata na watu ambao hawajawahi kufuga mnyama yeyote. Niliufuata ushauri huo kwa moyo mmoja, nao ndio uliomrudisha mbwa yule bandani baada ya siku 11. Bado unaniudhi kila ninapousikia ukitolewa kwa mtu mwingine, na ndiyo sababu nimeamua kueleza mambo yalivyokwenda.

Upepo aliletwa kituoni akiwa na umri wa miezi 10 hivi, mbwa wa kahawia mwenye kifua cheupe na miguu mirefu iliyoutangulia mwili kukua. Hakuwa na ukali hata chembe. Alichokuwa nacho ni hamu ya kucheza isiyoisha: alicheza na bakuli la maji, na ufagio, na kivuli cha mkono wangu ukutani. Mtu akisimama mbele ya banda lake, aliinamisha kifua mpaka chini huku makalio yakibaki juu, ishara ambayo mbwa humpa mwenzake anapomwalika mchezoni, kisha mara hiyohiyo akarukia wavu na kubweka. Wageni waliona kuruka na kubweka, lakini mwaliko uliotangulia hawakuuona, wakapita haraka kwenda kumtazama mbwa aliyelala kwenye banda la pili.

Hapo pana jambo ambalo nilichelewa kulielewa. Mbwa mzima aliyetulia nyumbani hulala takribani saa 12 hadi 14 kati ya saa 24, na mbwa mchanga huhitaji usingizi zaidi. Bandani kuna kelele, kuna milango inayofunguliwa na kufungwa, kuna wageni, kwa hiyo mbwa hulala kwa vipande vipande. Tunapomwona akirukaruka tunasema ana nguvu nyingi, ilhali mara nyingi ni kiumbe aliyechoka ambaye hajui tena namna ya kutulia, kama mtoto aliyepitiliza saa yake ya kulala.

Familia ya kwanza iliyomchukua ilikuwa na uwanja ambao ungetosha mbwa sita. Nilimpeleka mwenyewe. Geti lilipofungwa nikamfungua kamba, akakimbia mizunguko mitatu mfululizo masikio yakiwa yamelala nyuma, nami nikarudi nikiwa na hakika kwamba kazi imekwisha. Hakuna kati yetu aliyeuliza ni nani atakayekuwa uwanjani pamoja naye. Watu wa nyumba ile waliondoka asubuhi na kurejea jioni, na katikati ya saa hizo Upepo alijitafutia michezo yake. Siku ya tatu alikuwa amechimba mfereji pembeni mwa uzio mzima. Siku ya tano aligundua kwamba nguo zilizoanikwa hucheza zenyewe upepo unapovuma, akazishusha moja baada ya nyingine mpaka kamba ikabaki tupu. Siku ya tisa aliruka uzio, akawafuata watoto waliokuwa wakipita kwenda shule, akashinda nao nje ya darasa kwa furaha kubwa. Aliporudishwa kituoni, baba wa familia ile aliniomba radhi, nami nikaona aibu, kwa kuwa alimpa mbwa kile hasa tulichomwambia kwamba mbwa anakihitaji. Uwanja haurushi mpira wala haupokei mwaliko wa kucheza.

Jaribio la pili nitalieleza kwa ufupi. Alimchukua kijana mkimbiaji, kwa matumaini kwamba mbio ndefu zingemchosha. Baada ya mwezi mmoja Upepo alikuwa na pumzi kuliko mwanzo na bado hakujua kulala chini nyumbani, na daktari wa mifugo akatuonya kwamba mbio ndefu kwenye barabara ngumu hazimfai mbwa ambaye mifupa yake haijakomaa. Akarudi tena.

Nilipokaa naye bandani jioni ile ya kurudishwa mara ya pili, niliamua kwamba sitamtoa tena mpaka nijue ninatafuta nini. Jibu lilitokana na taulo kuukuu, na kwa kweli katika habari hii yote hakuna jambo ninalojivunia zaidi ya taulo hilo. Tatizo kubwa la Upepo mbele ya wageni lilikuwa kuwarukia na kuwashika mikono ya shati kwa meno, bila kuwauma, vile ambavyo angemshika mbwa mwenzake. Tulipomkemea, alizichukua kelele zetu kuwa sehemu ya mchezo. Tulipomsukuma, alisukuma pia. Siku moja niliona kwamba kila alipobeba kitu mdomoni aliacha kuruka, kwa sababu hakutaka kukiangusha. Nikalisokota lile taulo, nikalifunga mafundo matatu, nikaliweka ndani ya banda, kisha nikaweka sharti moja kwa kila mtu, akiwemo aliyeleta chakula na aliyefagia: asifungue mlango, asimtazame Upepo wala asimsemeshe mpaka awe amelishika taulo. Akiliacha na kuruka, mtu ampe mgongo kimya. Akilishika, mtu aingie na kulivuta pamoja naye kwa hesabu ya 20, kisha asimame kabisa mpaka mbwa alegeze taya, na mwishowe amrushie punje za chakula majanini azitafute kwa pua, kwa maana kunusa humtuliza mbwa kuliko kukimbia.

Juma la kwanza lilikuwa gumu. Mwenzetu mmoja mwenye huruma alimsemesha kwa siri, na kila alipofanya hivyo tulirudi nyuma siku mbili. Lakini siku ya 16 nilisimama mbele ya banda, Upepo akaruka mara moja tu, akanitazama, akageuka, akalikimbilia taulo lake na kurudi nalo mwili mzima ukitikisika. Tangu siku ile wageni hawakumwona tena mbwa anayeushambulia wavu. Walimwona mbwa anayewaletea zawadi, wakasimama.

Nilibadilisha pia maelezo yaliyobandikwa kwenye banda lake. Ya zamani yalisema kwamba ana nguvu nyingi na anahitaji uwanja. Mimi niliandika kwamba huwarukia wageni asipokuwa na kitu mdomoni, kwamba hutafuna viatu, kwamba kwa sasa hafai nyumba yenye mtoto anayejifunza kutembea kwa kuwa atamwangusha bila kukusudia, na kwamba anahitaji mtu atakayecheza naye mara tatu au nne kwa siku, dakika 10 kila mara, naye awe mtu anayejua kuumaliza mchezo. Mwenzangu alinionya kwamba ukweli wote huo ungewafukuza watu. Uliwafukuza kweli, na sikujuta, maana kila aliyefukuzwa na karatasi alikuwa mtu mmoja zaidi ambaye hangepata nafasi ya kumchukua Upepo na kumrudisha mara ya tatu.

Wachache waliobaki sikuwauliza kuhusu uwanja, wala kama wanapenda mbwa, kwa sababu hakuna anayekuja kituoni kusema kwamba hapendi mbwa. Niliwaomba wanieleze siku yao ya jana tangu walipoamka hadi walipolala. Baadhi yao walifika katikati ya maelezo wakanyamaza, wakaona wenyewe kwamba hakuna mahali pa kumweka mnyama katika siku ile, wakanishukuru na kwenda. Waliosalia niliwapa nusu saa ya kucheza na Upepo bila kuwaelekeza chochote, nami nikatazama jambo moja tu, yaani wanafanya nini mbwa anapozidiwa na furaha. Wengi walicheka na kupaza sauti mpaka akawashika shati, kisha wakakasirika.

Aliyempata alikuwa mshonaji anayefanya kazi nyumbani, ghorofa ya tatu, pasipo uwanja wa aina yoyote, pamoja na binti yake wa miaka 14. Siku yake aliieleza bila kufikiri: hushona kwa saa moja na nusu, husimama kuunyoosha mgongo, hutembea kidogo, hurudi kwenye cherehani, na kadhalika hadi jioni. Zile nafasi nilizokuwa nikizitafuta zilikuwemo tayari katika siku yake kabla ya mbwa kuingia. Walipoanza kucheza, binti alimchangamsha Upepo kupita kiasi. Mama akasema kwa sauti ya chini, “Mwanangu, tulia kwanza,” nao wote wawili wakasimama kimya. Upepo akawatazama, akasita, akaketi. Mama akalinyoosha taulo na kuuanza mchezo upya. Nilimuuliza amejifunza wapi, akanijibu kwamba amelea wadogo zake watano, na mtoto aliyezidiwa na mchezo hatulizwi kwa makelele.

Kabla ya kutia sahihi tulikubaliana amchukue kwanza kwa siku tano, nami ningemshauri yeyote aombe muda kama huo. Vitambaa vilipandishwa kwenye rafu za juu. Siku ya pili alinipigia simu akiwa na wasiwasi kwamba mbwa ni mgonjwa, kwa maana hachezi na amejificha nyuma ya cherehani. Nilimwomba asimlazimishe na asikaribishe wageni bado, kwa kuwa mbwa wengi hunyamaza hivyo wanapofika mahali pageni, na tabia zao halisi hujitokeza kidogo kidogo kwa majuma na miezi. Siku ya nne alitafuna utepe wa kupimia na kiatu kimoja, hasara ambayo mama yule aliipokea vizuri kuliko mimi. Siku ya tano alikuja peke yake kutia sahihi, kwa kuwa hakutaka kumwamsha Upepo.

Niliwatembelea baada ya miezi mitatu. Mlango ulipofunguliwa nilisikia kucha zikikwaruza sakafu, kisha zikageuka na kurudi ndani. Nikangoja. Upepo akatokea na lile taulo, ambalo sasa lilikuwa limebakiza fundo moja, akanikabidhi upande wa pili. Tulilivuta kwa hesabu ya 20, nikasimama, akaliachia, akazunguka mara mbili chini ya meza ya cherehani na kulala.