Nilivyopata njia ya kukeneka mchaichai, karafuu na langilangi

Kazi yangu ni kukeneka mafuta ya kunukia, yaani kupitisha mvuke kwenye mmea, kuushika mvuke huo na kuupoza hadi mafuta yajitenge na maji. Ninaifanya Kisauni, na wateja wangu wengi ni watengenezaji wa sabuni, mafuta ya nywele na marashi wa papa hapa Mombasa. Tangu nianze, swali lililonishughulisha kuliko yote ni hili: kwa nini mchaichai wa shamba moja, uliokatwa asubuhi moja, utoe mafuta yanayonukia kama jani lililofikichwa mkononi kwenye mtambo mmoja, na kwenye mtambo mwingine utoe mafuta yenye harufu ya majani yaliyotokoswa? Nimekwisha kuridhika kwamba mtambo wenyewe una sehemu yake katika kuyaunda mafuta, na kwamba anayeukoka moto bila kujua sehemu hiyo ni ipi anabahatisha.

Wengi hudhani mafuta hutoka kwa sababu moto umeyafikisha kwenye nyuzi zake za kuchemka. Sivyo. Eujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, ikiwa peke yake huchemka kwenye nyuzi 254 hivi, na sitrali, inayoupa mchaichai harufu yake ya ndimu, kwenye nyuzi 229 hivi, na hakuna pipa la maji lililo wazi kwa hewa linalofika huko. Linalotokea ni kwamba maji na mafuta, kwa kuwa havichanganyiki, kila kimoja hutoa mvuke wake kivyake, na shinikizo la mivuke hiyo miwili likijumlishwa na kulingana na la hewa, vyote viwili huondoka pamoja chini kidogo ya nyuzi 100. Hivyo mafuta hutolewa kwa upole ambao moto mkavu hauwezi kuutoa. Hata hivyo nyuzi 100 ni joto, maji ya moto huvunja baadhi ya viungo vya harufu, na saa zikizidi uharibifu nao huzidi.

Pipa langu ni la chuma kisichoshika kutu. Lina wavu unaoweza kutolewa, na ubavuni lina tundu la kupokea mvuke kutoka kwenye boila iliyo kando. Niliagiza litengenezwe hivyo makusudi, ili mzigo mmoja niweze kuugawa na kuukeneka kwa njia tatu: mmea ukiwa umezama ndani ya maji, mmea ukiwa juu ya wavu na maji yakichemka chini yake, na mmea ukiwa hauna maji kabisa bali unapitiwa na mvuke wa boila. Mfuniko ninauziba pembeni kwa unga wa ngano uliokandwa mgumu, ambao hukauka kwa joto na kushika kuliko mpira, na haumwachii mvuke harufu ya kigeni.

Mchaichai ulinionyesha tofauti mapema. Ukizamishwa, majani hushuka, hugusa sehemu ya chini iliyo karibu na moto, na harufu ya kuungua huingia kwenye kila tone. Isitoshe, maji ya majani yaliyochemshwa yana uchachu, na sitrali haipatani na uchachu wala na joto la muda mrefu. Kwa mvuke wa boila mafuta hutoka upesi zaidi, yana rangi ya manjano angavu, na harufu yake ya ndimu inasimama. Ninayaacha majani yanyauke kivulini, ninayakatakata, kisha ninayapanga kwa kuyashindilia sawasawa, kwa sababu mvuke ukipata upenyo hupita humo humo na kuacha majani mengine hayajaguswa. Kilo 100 za majani mabichi mara nyingi hazifikishi kilo 1 ya mafuta, kwa hiyo upenyo mmoja ni hasara inayoonekana kwenye chupa.

Karafuu ni habari nyingine kabisa, na hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema mvuke wa boila ni bora kwa kila kitu. Ninazinunua kwenye soko la Marikiti zikiwa kavu na nzima, na ninazivunjavunja muda mfupi kabla ya kuwasha moto, maana karafuu iliyosagwa na kuwekwa hupoteza harufu hewani. Zilizovunjwa, zikipigwa na mvuke mtupu, hugandamana bonge na mvuke ukazizunguka. Ndani ya maji huelea na kugeuka, kila kipande kikapata sehemu yake. Lakini maji hayo hayo hulipisha: katika mafuta ya karafuu, pamoja na eujenoli, kuna eujenili asetati, na kuchemka kwa muda mrefu huigawa sehemu ya asetati hiyo ikawa eujenoli. Mafuta ya njia ya maji huwa makali zaidi, na ya njia ya mvuke hubaki na utamu fulani kwa nyuma. Anayetaka ya marashi ninamkenekea kwa mvuke kwenye matabaka membamba, ingawa napata kidogo. Anayetaka ukali, maji yanamfaa.

Kuvunja mmea peke yake kunaweza kugeuza hata mpangilio wa kutoka kwa harufu. Mfano mzuri ni kisibiti, mbegu ya kiungo yenye viini viwili vikuu vya harufu, kavoni na limonini. Kikiwa kizima, kavoni hutangulia kutoka ingawa huchemka kwenye nyuzi 231 hivi, kwa kuwa inayeyuka zaidi kwenye maji na kupenya ukuta wa mbegu. Kikipondwa, limonini ya nyuzi 176 ndiyo hutangulia.

Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji. Kwenye chombo cha kutenganishia, maji hutoka meupe kama maziwa yaliyozimuliwa, na chini yake matone ya manjano hafifu huteleza kwenye kioo, yakajikusanya karibu na bomba. Kwa hiyo chombo cha mchaichai, ambao mafuta yake huelea, hakifai hapa isipokuwa bomba likiwa chini. Yale maji meupe ninayarudisha kwenye pipa, kwa kuwa bado yana eujenoli iliyoyeyuka. Chuma cha kawaida sikiruhusu kugusa mafuta haya hata kwenye faneli, kwani eujenoli na chuma vikikutana rangi hugeuka nyeusi. Mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, nayo hutoka vizuri kwa njia ya maji, ila makonyo hutoa asilimia 5 hadi 7 tu, wakati karafuu zenyewe hufika 15 hadi 20.

Langilangi ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Maua lazima yachumwe alfajiri yakiwa ya manjano, yabebwe bila kubanwa, na yaingie mtamboni siku hiyo hiyo. Mafuta yake hayatoki yakiwa ya namna moja. Komoro, nchi inayosifika kwa langilangi, huyakusanya kwa mafungu kadiri saa zinavyokwenda, na fungu la kwanza ndilo ghali kuliko yote. Fungu hilo lina benzili asetati, methili benzoati na linaloli kwa wingi; baadaye harufu ya ua hupungua, na vinavyotawala ni viungo vizito vyenye harufu ya mbao na majani. Kazi nzima huweza kupita saa 14, kwa hiyo anayechanganya yote kwenye chupa moja anaficha mwanzo wake mzuri.

Bibi mmoja wa Mji wa Kale, fundi wa kufunga vikuba vya maua ya kunukia, nilimpelekea mafungu yote bila kumwambia lipi ni lipi.

"Shikamoo, bibi. Naomba unisaidie kunusa."

"Marahaba, mwanangu." Alinusa la kwanza akanyamaza, akanusa la mwisho, kisha akasema, "Hili ua. Hili mti wake."

Tangu hapo la mwisho linakwenda kwa watengenezaji wa sabuni, ambapo linafaa sana kwa kuwa halipeperuki haraka.

Asumini siitii mtamboni hata kidogo. Mvuke huiharibu na mafuta yake ni haba mno. Ninailoweka kwenye mafuta safi ya nazi, nikiyatoa maua yaliyochoka na kutia mapya. Waridi ninalikeneka kwa ajili ya maji yake, kwani fenilethanoli, iliyo sehemu kubwa ya harufu ya ua lile, huyeyuka majini na kubaki humo.

Lililobaki ni la Mombasa yenyewe. Maji ya visima vyetu mengi yana chumvi, nayo huacha ugaga ndani ya boila, hivyo ninanunua ya mkokoteni kwa kuchemsha, na ya kisima yanapoza tu kwa nje koili, yaani bomba la mzunguko ambamo mvuke hupita. Mchana tangi la kupozea hupata joto haraka, na mvuke usiopoa vyema hutoroka na zile harufu nyepesi ambazo ndizo nimezikeshea. Nimelijengea tangi paa la makuti, na ninapunguza moto jua linapopanda. Kwenye kila chupa ninaandika mmea, njia niliyotumia, na saa ambazo fungu lilikusanywa, na wateja wameanza kuagiza kwa kunitajia saa hizo.