Mjomba na kadi ya zaka

Jana jioni nilikuwa mwaloni Kibirizi, Kigoma, namsaidia mjomba kuanua dagaa kwenye vichanja kabla mvua haijatukuta. Nikamtupia lile swali ambalo nyumbani tunalikwepa: "Mjomba, mbona kanisani hukanyagi?"

Nilidhani ataanza habari za wazungu, maana wamisionari wa kutoka London walifika Ujiji tangu 1878, na wazee wa huku hawakosi la kusema juu yao. Wala. Akajifuta mikono kwenye msuli.

"Bibi yako alipofariki, wewe ulikuwa bado unabebwa. Nikaenda kuomba mazishi. Nikaulizwa kadi yake ya zaka. Miezi saba haikujazwa, mwanamke alikuwa kitandani! Tukazika wenyewe. Jirani Mwislamu ndiye aliyeshika jembe la kwanza."

Mimi naimba kwaya jamani, sauti ya pili, miaka tisa sasa. Nilitafuta jibu sikupata. Nikabaki kusema, si makanisa yote yako hivyo.

"Najua," akasema. "Na Mungu sina ugomvi naye, kila asubuhi kabla ya kuingia ziwani namwomba. Haya, lete turubai, matone hayo."