Meza ya Gari la Wajerumani

Desemba 2006 nilikuwa nimemaliza mtihani wa kidato cha nne, nangoja matokeo, na kwa kuwa mama hakupenda kuniona nimekaa bure, alinikabidhi kwa kaka yake, fundi wa mitumbwi pale Kirumba, Mwanza, karibu na ufukwe wa Mwaloni. Kazi yangu ilikuwa kuchambua pamba ya kukalafatia, yaani kuzibia nafasi kati ya mbao, na kushika ncha ya pili ya ubao unapokatwa. Sikuwa fundi, ingawa kufikia wiki ya tatu nilikwisha kujiona fundi.

Siku moja alifika mzee wa Kijerumani, akauzunguka mtumbwi uliokuwa juu ya magogo, akapitisha kidole kwenye viungo vya mbao bila kusema neno, kisha akauliza kwa Kiingereza kama tungeweza kumtengenezea viti na meza. Nikatafsiri. Mjomba akajibu kwamba sisi si watu wa fanicha, lakini mzee alikwisha kutoa mchoro mfukoni, na mjomba alipouona alinyamaza, akaugeuza huku na huku, akaomba apelekwe akaone.

Mzee na mkewe walikuwa wakisafiri kwa gari lenye nyumba ndani yake: kitanda, jiko la gesi, choo, na sehemu ya kulia chakula yenye mabenchi mawili yanayotazamana na meza katikati. Walikuwa wameliegesha kwenye ua wa nyumba ya wageni huko Capri Point, na wenyewe walilala chumbani mle muda wote wa kazi. Dirisha lililo juu ya meza lilikuwa limevuja mvua kwa majuma kadhaa kabla hawajagundua, na mabenchi ya kiwandani, ambayo chini ya kitambaa yalikuwa chipbodi tupu, yalikuwa yamevimba na kumomonyoka. Ukibonyeza, kidole kilizama kama kwenye ugali uliolala majini. Dirisha mzee alikwisha kuliziba mwenyewe.

Kwa mtu aliyezoea meza ya nyumbani, kazi ile ingeonekana ndogo. Haikuwa ndogo hata kidogo. Meza ilishikwa ukutani kwa reli upande mmoja, na upande wa pili ilisimama juu ya mguu mmoja wenye bawaba, ili usiku mguu ukunjwe na meza ishuke katikati ya mabenchi, ilale juu ya papi zilizopigiliwa kando, kisha mito ipangwe juu yake iwe kitanda cha mgeni. Ukikosea kipimo sentimita mbili, una meza lakini huna kitanda. Ndani ya benchi moja kulikuwa na tangi la maji, kwa hiyo skrubu ndefu ingeweza kulitoboa. Benchi lililotazama mbele lilikuwa na mikanda ya usalama iliyofungwa kwa bolti kwenye fremu ya chuma iliyoshikana na chasisi, na hiyo mjomba alikataa kuigusa. “Mbao nitabadilisha,” alisema, “lakini chuma kinachoshika roho ya mtu nakiacha kama nilivyokikuta.”

Yeye alitaka kutumia mninga kila mahali, kama ilivyo desturi ya mafundi wetu kuamini kwamba kitu kizito ndicho imara. Mzee alitoa hati za gari zilizosema kwamba uzito wote, pamoja na maji, mafuta na watu, usizidi kilo 3,500, na tayari walikuwa karibu sana na mpaka huo. Wakabishana kupitia kinywa changu karibu saa nzima, hadi wakakubaliana marini bodi, yaani plaiwudi inayostahimili maji, ya milimita 12 kwa mabenchi, milimita 18 kwa meza, na mninga kwa kingo na mguu tu.

Mpaka leo naikumbuka namna mjomba alivyochukua umbo la ukuta. Ukuta wa gari ulijikunja kuelekea darini na haukuwa na kona ya kuwekea guni, kile kipimo cha pembe mraba. Alikata boksi la sabuni, akalisimamisha karibu na ukuta, akafunga penseli kwenye kipande cha mti chenye upana wa vidole viwili, akakiburuta kipande hicho ukutani toka chini hadi juu huku penseli ikichora mkunjo ule ule kwenye boksi. Tulipokata ubao kwa kufuata boksi lile, ulikaa ukutani bila kuacha nafasi ya kupitisha hata wembe. Hivyo ndivyo alivyolinganisha mbavu za mtumbwi, na nadhani ndicho alichokiona mzee siku ile ya kwanza.

Sponji na kitambaa vilipelekwa kwa fundi makochi, naye hakutuchelewesha.

Mguu wa meza niliachiwa mimi. Mjomba alikuwa ameshuka Kirumba kumsikiliza mvuvi mmoja, nami nikaona ni wakati wa kuonyesha ujuzi. Niliweka pima maji juu ya meza, nikapunguza mguu kidogo kidogo kwa msumeno mpaka tone la hewa likatulia katikati kabisa, nikaufunga bawaba kwa fahari. Tulipojaribu kitanda kilikaa sawasawa, na hakuna aliyeshuku lolote.

Kesho yake wageni walileta gari Mwaloni ili waage. Mama yule aliweka maembe manne mezani akitaka tule naye, na yote manne yakabiringika, moja baada ya jingine, yakaangukia njia ya katikati. Mjomba hakuyaokota. Alitazama chini kwenye uwanja tambarare wa ufukweni, akatazama juu Capri Point, ambako ua mzima ni mteremko, akaniuliza, “Mjomba, ulipima meza au ulipima mlima?”

Mguu ulikuwa umepungua sentimita nne. Aliranda mwingine pale pale, akaupima kutoka sakafu ya gari kwa futi kamba, na pima maji hakuitoa hata kwenye mfuko. Wageni wakaondoka kabla ya saa tisa.

Jioni alinihesabia ujira wangu, shilingi elfu ishirini, kisha akarudisha mfukoni elfu mbili za mninga. Ule mguu mfupi akanipa niende nao nyumbani.