Jointi, kamba na timazi: kujenga ukuta wa tofali kwa anayeanza, hapa Tanga

Ukuta ukipasuka, wa kwanza kulaumiwa ni tofali. Pita kwenye nyumba zinazoinuka Kange, Mabokweni au Pongwe uangalie nyufa kwa makini: nyingi zinafuata jointi, zinapanda kama ngazi kutoka kona ya dirisha kwenda juu. Tofali lenyewe zima. Kilichoachia ni udongo ulio kati ya tofali na tofali, na sababu yake karibu kila mara ilitokea siku ile ile ya kujenga.

Tuanze na maneno, maana saidia fundi mgeni hupotea siku ya kwanza kwa kutojua anaagizwa nini. Fundi akiita "udongo" anataka mota, yaani saruji na mchanga vilivyochanganywa kwa maji, si udongo wa shamba. Mstari mmoja wa matofali ni kozi. Nafasi iliyojazwa mota ni jointi: kuna ya kulala, iliyo chini ya tofali, na ya kusimama, iliyo kati ya vichwa viwili. Tofali la inchi 6 tunalotumia zaidi lina urefu wa sm 45, kimo sm 23 na unene sm 15. Ukilisimamisha, ukuta unakuwa na unene wa sm 15, nao ndio ukuta wa kawaida wa juu ya jamvi. Ukililaza, ukuta unakuwa wa sm 23, na hivyo ndivyo tunavyofanya kwenye msingi. Jamvi ni sakafu ya zege inayofunika msingi. Linta, wengine husema renta, ni mkanda wa zege na nondo unaopita juu ya milango na madirisha.

Zana si nyingi. Mwiko, kamba ya nailoni, timazi (uzi wenye kibao juu na risasi, yaani kipande kizito cha chuma, chini), pima maji, futi, mraba, nyundo na patasi ya kukatia (wengi hukatia panga kuukuu, na linafanya kazi), beleshi, karai na ndoo. Ongeza mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, mita 10 au zaidi, kwa ajili ya kuhamisha usawa kutoka kona moja hadi nyingine. Mpira huo ni rahisi kuliko pima maji na kwa umbali mrefu ni wa kuaminika zaidi, mradi usiwe na mapovu ndani. Povu moja tu linakupa usawa wa uongo.

Pima maji nayo ikaguliwe kabla ya kuaminiwa. Iweke ukutani au juu ya ubao, soma povu lilipo, kisha igeuze mwisho kwa mwisho mahali pale pale. Povu lisiporudi pale pale, chombo kimeharibika. Kinachoanguka kutoka kwenye jukwaa mara mbili tatu huharibika bila kuonyesha alama yoyote kwa nje. Timazi haiharibiki hivyo, na ndiyo sababu mafundi wa zamani hawaiachi. Kibao chake kiwe na upana sawa kabisa na kipenyo cha risasi. Gusisha kibao juu ya ukuta, acha risasi ishuke: ikigusa kwa shida tu, ukuta umesimama; ikilalia ukuta, ukuta umetoka nje chini; ikiacha nafasi, umeegemea kwako. Siku ya upepo mkali wa kusi, chovya risasi kwenye ndoo ya maji itulie.

Mchanga, chumvi na saruji

Hapa ndipo pwani inapotofautiana na bara. Mchanga wa ufukweni uko karibu na hauna gharama, na ni kishawishi kikubwa. Usiuguse. Chumvi iliyomo hunyonya unyevu wa hewa, kisha hutoka ukutani kama unga mweupe, lipu inavimba na rangi inabanduka. Kwenye linta ni hatari zaidi, kwa sababu chumvi huharakisha kutu, na nondo yenye kutu hutanuka hadi zege linapasuka. Rangi mpya kila mwaka haitibu ukuta uliojengwa kwa mchanga wa bahari. Nunua mchanga wa mtoni au wa machimbo, na uangalie tope lake: jaza chupa inayopitisha mwanga mchanga hadi sm 10, ongeza maji yenye chumvi kidogo ya jikoni, tikisa sana, acha kama saa 3. Tope litalala juu ya mchanga. Likizidi mm 8, mchanga huo uoshwe au ukataliwe. Tope huzuia saruji kushika chembe za mchanga, na mota yake hupukutika hata ukiikwangua kwa ukucha.

Saruji kwetu si ya kusafirisha mbali, inatengenezwa Pongwe. Tatizo letu ni kuihifadhi. Hewa ya Tanga ina unyevu mwingi, na mfuko uliolala sakafuni huanza kushika chini. Iinue juu ya mbao, isigusane na ukuta, na usiiweke zaidi ya miezi 3. Madonge yanayovunjika kwa vidole bado yanafaa kwa kazi ndogo. Yanayohitaji nyundo tupa. Kwa kujengea na lipu, daraja la nguvu la 32.5 linatosha. La 42.5 liweke kwa ajili ya zege la linta na nguzo.

Uwiano wa mota ya kujengea ni saruji 1 kwa mchanga 5. Msingi unaokaa kwenye unyevu upe 1 kwa 4. Kuna imani kwamba saruji ikizidi ukuta unakuwa imara zaidi, na mimi siikubali: mota yenye saruji nyingi hujikunja ikikauka na kuacha nyufa nyembamba, na ikiwa ngumu kuliko tofali, nyumba ikitulia kidogo linalopasuka ni tofali. Kupima kwa beleshi ndio mwanzo wa matatizo, kwa sababu beleshi la mchanga mbichi hubeba mlima na la saruji hubeba kidogo. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa karibu lita 35. Tengeneza kasha la mbao la sm 40 kwa 35 kwa 25 kwa ndani: hilo ni mfuko mmoja kamili. Makasha 5 ya mchanga kwa mfuko, basi. Huna kasha, tumia ndoo ya lita 20: ndoo 9 pungufu kidogo.

Changanya vikiwa vikavu mpaka rangi iwe moja, geuza mara 3 kutoka lundo hadi lundo, ndipo uweke maji. Changanya kiasi cha kumalizika ndani ya saa moja na nusu. Kipindi cha kaskazi, jua likiwa kali, punguza hata hapo. Mota iliyoanza kukaza haifufuliwi kwa maji. Inalainika machoni tu, nguvu imeshapotea.

Na kabla hujanunua matofali, fanya hesabu hii. Tofali la inchi 6 lina ujazo wa lita 15 na nusu. Mfyatuaji akikuambia mfuko mmoja humtolea matofali 40, hayo ni lita 620 kutoka kwenye lita 35 za saruji, yaani sehemu 1 kwa zaidi ya 17, kabla hata hujahesabu mchanga ulioshindiliwa. Tofali hilo ni la kushikiliwa kwa mikono miwili. Lililo zuri ukiliangusha kutoka kimo cha kiuno kwenye ardhi ya kawaida halisambaratiki, na kona zake hazimeguki kwa kidole. Liwe limemwagiliwa maji kwa wiki moja angalau na limekaa wiki 2 kabla ya kujengewa. 4 ni bora.

Kozi ya kwanza

Ningeulizwa muda mwingi utumike wapi, ningejibu hapa. Kosa la mm 5 kwenye kozi ya kwanza hulirekebishi juu, unalificha tu.

Piga kamba za kuta zote. Kona uhakikishe kwa tatu-nne-tano: pima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na kati ya alama hizo mbili lazima upate mita 5 kamili. Nafasi ikiruhusu tumia 6, 8 na 10, kosa litaonekana mapema zaidi. Kisha pima kona kwa kona ya chumba kizima, pande mbili. Vipimo visipolingana, chumba kimepinda hata kama kila kona inakupa matumaini.

Panga kozi nzima kavu, bila mota, ukiacha sm 2 kati ya tofali na tofali. Hapo utaona vipande vitaangukia wapi, na kuvihamisha mbali na kona na pembeni mwa milango. Weka nailoni nzito ya kuzuia unyevu juu ya jamvi, angalau sm 15 kutoka ardhi ya nje. Watu huiruka kwa kubana matumizi, kisha masika mbili baadaye ukuta unapanda ukungu hadi magotini.

Jenga kona kwanza, kozi 3 au 4, kila moja imepimwa kwa timazi pande mbili. Chukua mti ulionyooka uuchore alama kila sm 25: hicho ni kimo cha tofali pamoja na jointi yake. Kozi 4 ni mita 1, na hapo ndipo dirisha la sebuleni huanzia. Kozi 9 ni sm 225, panapokaa linta, na mlango wa sm 210 na fremu yake unaenea chini yake. Ukifuata alama za mti huo kona zote zitafika juu pamoja. Usipoufuata utakuta kona moja inadai jointi ya sm 4, na jointi nene namna hiyo hubonyea.

Kati ya kona funga kamba, ivutwe hadi ilie ukiigusa. Matofali yaikaribie bila kuigusa, unywele mmoja tu katikati. Likiisukuma moja, yanayofuata yote yanafuata tumbo lake. Nyunyizia matofali maji kidogo kabla ya kuyaweka, hasa mchana, yasinyonye maji ya mota. Kunyunyizia, si kuloweka: tofali la saruji lililoloa chepechepe huelea juu ya mota, kisha likikauka hupungua na kuacha ufa. Tofali la kuchoma ndilo linalotaka kuloweshwa.

Tandaza mota ya matofali mawili au matatu, si zaidi. Paka kichwa cha tofali, likalishe, lisukume kwa mwenzake, ligonge kwa mpini wa mwiko mpaka lifike kwenye kamba. Mota iliyobinuka nje ikate na kuirudisha kwenye karai. Ukilisogeza tofali baada ya mota kukaza, litoe lote, kwangua, weka mota mpya. Kulitikisa tu kunakata kushikana kwake.

Jointi za kusimama ndizo zinazoibiwa zaidi. Fundi mwenye haraka huweka matofali yakiwa matupu vichwani, halafu huchapia nje kwa mwiko. Kwa macho ukuta umejaa, ndani kuna mwanya. Chomeka kijiti: kikiingia zaidi ya sm 2, rudia. Kila kozi ipishane na ya chini yake kwa nusu tofali, na pasipowezekana isipungue robo. Jointi mbili za kusimama zikikutana kwenye mstari mmoja, ufa umeshapata njia yake.

Usipandishe zaidi ya kozi 5 au 6 kwa siku. Mota mbichi ya chini haiwezi kubeba zaidi, ukuta hutoa tumbo. Mwagilia asubuhi na jioni kwa siku 7, na siku za upepo mkavu funika kwa magunia yaliyoloa. Linta ikalie ukuta sm 20 kila upande wa uwazi, na karibu na bahari nondo zifunikwe na zege la sm 4, si sm 2 na nusu zinazotosha bara.

Ukitaka makadirio ya haraka: mita moja ya mraba ya ukuta wa kusimamisha inachukua matofali 8 na nusu, hesabu 9 pamoja na yanayovunjika. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kuta za mita 3, ukiondoa mlango mmoja na dirisha moja, kina mita za mraba 32 hivi. Ni matofali 290. Mfuko mmoja kwa 1 kwa 5 hujenga kama 70, kwa hiyo nunua mifuko 5, na mchanga chini kidogo ya mita 1 ya ujazo.

Wenye nyumba za zamani za mawe ya matumbawe, kule Pangani na kwenye mitaa ya kale ya Tanga, wasijenge wala kupiga lipu ya saruji tupu juu ya ukuta wa chokaa. Chokaa hupumua, saruji hufungia unyevu ndani, na jiwe laini huanza kuoza nyuma ya lipu inayong'aa. Kuta za magofu ya kale ya Tongoni zimesimama karne kadhaa kwa matumbawe na chokaa; kiraka chake kiwe cha chokaa.

Lipu isubiri wiki 3 au 4 baada ya ukuta kuisha, na fundi umeme na fundi bomba wapite kabla yake. Mfereji wa wima kwenye ukuta wa sm 15 usizidi kina cha sm 5. Wa kulala usizidi sm 2 na nusu, na usikatwe pande mbili za ukuta mahali pamoja. Bomba la inchi 4 halichimbiwi kwenye ukuta huo kabisa. Lipitishe nje, au lijengee kona yake.