Nilivyoziweza hesabu za moli na topiki ya metali nikiwa fomu foo

Madogo wengi mnaosoma kemistri mnaniuliza nilifanyaje kwenye moli, kile kipimo cha kiasi cha kemikali, na ile topiki ya kutoa metali kwenye mawe, naandika ilivyokua kwangu.

Kilichonifungua ni chokaa. Kwetu Tanga mawe ya chokaa yamejaa, ndo yanalisha viwanda vya saruji, na watu wa pwani tangu enzi wanachoma mawe ya matumbawe wapate chokaa ya kujengea. Sasa chukua CaCO3, ndo jiwe la chokaa lenyewe, weka uzito wa atomu zake: kalsiamu 40, kaboni 12, oksijeni tatu za 16, jumla 100. Ukiichoma CO2 inatoka na 44, inabaki CaO, ndo chokaa yenyewe, 56. Yani kilo 100 za jiwe safi zinakuachia kilo 56, zile 44 zimeenda hewani! Hapo ndo nikaona moli ni uwiano tu, na uwiano haujali gramu, kilo wala tani, mradi kipimo ni kimoja juu na chini.

Nikahamia kwenye chuma. Fe2O3, oksaidi ya chuma iliyo kwenye mawe yake, ni 160, chuma ndani yake 112. Swali likisema una tani 400 za mawe na asilimia 80 tu ndo Fe2O3, mi naanza na kutoa uchafu, zinabaki 320, hizo ni 160 mara mbili, kwahiyo chuma ni 112 mara mbili, tani 224, kalkuleta hujaigusa.

Tanuru lenyewe la kutolea chuma kwenye mawe sikulikariri, kila kinachoingia nilikua najiuliza kimekuja kufanya nini humu. Koki, yani kaboni inayotokana na makaa ya mawe, inaungua na hewa ya moto inatoa joto na CO2, ile CO2 inapanda inakutana na koki nyingine inakua CO, na hiyo CO ndo inanyang'anya oksijeni kwenye Fe2O3 chuma kinabaki peke yake. Mawe ya chokaa nayo yanavunjika vilevile kama ya kwetu, CaO inaushika mchanga wa kwenye mawe, SiO2, inakua slagi, yani uchafu ulioyeyuka, CaSiO3, nyepesi kuliko chuma kilichoyeyuka so inaelea juu na kutolewa kwa tundu lake. Ukijua sababu huwezi kusahau hatua, hili naliamini kabisa.

Alumini pia sababu ni moja: inaishika oksijeni kwa nguvu kuliko kaboni, kwahiyo hilo tanuru haliiwezi, lazima umeme. Oksaidi yake inayeyuka juu ya nyuzi 2000 ndo maana wanaiyeyusha ndani ya kriolaiti, madini ya alumini yaliyoyeyushwa, kazi inafanyika kwenye 950 hivi, alafu anodi za kaboni, yani ncha chanya za umeme, zinaliwa na oksijeni inayotoka pale, ndo zinabadilishwa kila mara. Hapo maswali ya "kwanini" hayakosekani.

Mwishoni nikawa najitungia maswali ya vitu vya hapahapa. Jaribuni hili: chuma cha Liganga kule Ludewa ni magnetaiti, Fe3O4, jumla 232, chuma 168, yani kama asilimia 72 ikiwa safi. Ila mawe ya kule yamechanganyika na metali nyingine, titani na vanadi, kwahiyo jipe asilimia ya usafi unayotaka, tani 1000 za mawe, utafute chuma, alafu rudi nyuma kutoka kwenye chuma upate mawe.